Nyika ya Juu ya Kilimanjaro, Itazamwavyo Kutoka Tarakea



Mtu asimamaye sokoni Tarakea alfajiri, kabla mawingu hayajapanda, akiuelekeza uso wake upande wa magharibi, huuona mlima umepangwa kwa rangi, kama kitambaa kilichoungwa vipande vipande. Chini kabisa pana kijani cha migomba na mahindi. Juu yake pana kijani kilichokolea hata kukaribia weusi, nayo ndiyo miti ya kupandwa na msitu wa asili. Kisha rangi hugeuka ghafula ikawa kijivu na hudhurungi, tena ukanda huo ni mpana. Mwisho kabisa yasimama majabali ya Mawenzi yaliyochongoka, na nyuma yake Kibo na barafu yake.

Jicho la mtazamaji huuruka ukanda ule wa hudhurungi. Hutoka msituni likatua moja kwa moja juu ya barafu, maana barafu ndiyo iliyoupa mlima huu sifa duniani kote. Nasi twakiri kwamba zamani tuliuruka vivyo hivyo. Lakini leo twataka kuuzungumzia ukanda huo, ambao hauna mti wa kupasua mbao, wala shamba, wala kijiji. Waingereza wanayo nchi ya namna hiyo katika vilima vyao, nao wana jina lake; sisi tutaiita nyika ya juu, ili tuitenge na nyika ya chini ya Taveta na Tsavo, ambayo kila mtu wa Rombo aijua.

Twendeni basi tuitazame. Njia iliyo karibu na Tarakea ni ile iitwayo njia ya Rongai, ianziayo Nale Moru, upande wa kaskazini mwa mlima. Hapo huanza na mashamba na mashamba ya miti, misonobari na misanduku iliyosimama mistari kama askari. Kisha huja msitu wa asili, nao upande huu ni mwembamba. Mgeni aliyekwisha kupanda kwa njia ya Marangu au ya Machame hushangaa: kule hutembea mchana kutwa chini ya miti mikubwa yenye kudondoka maji, na huku hata hajazoea kivuli, mara miti imekwisha. Kambi ya kwanza, iitwayo Simba, iko kwenye mita zipatazo 2,600 tu, nayo iko ukingoni mwa nyika.

Kwa nini iwe hivyo? Sababu ni upepo na mvua. Pepo zenye unyevu hutoka Bahari ya Hindi, kusini-mashariki, zikaugonga mlima upande wa Moshi, Kilema na Machame. Zikigonga hupanda, zikipanda hupoa, na zikipoa humwaga maji yake. Katika msitu wa kusini, mahali penye kimo cha mita 2,000 hivi, mvua ya mwaka hupita milimeta 2,000. Upande wa kaskazini ni upande wa mgongo. Pepo hufika huku zimekwisha kufua nguo zao kule. Wala mtu asidhani kwamba kadiri apandavyo ndivyo mvua izidivyo. Huzidi mpaka katikati ya msitu, kisha hupungua; na ukifika kwenye kibanda cha Kibo, mita 4,700, mvua na theluji ya mwaka mzima pamoja hazifiki milimeta 200. Pale juu, chini ya barafu yenyewe, ni jangwa.

Baridi nayo hupanda kwa hesabu yake. Moshi mjini, penye kimo cha mita 800 na kitu, joto la wastani wa mwaka ni nyuzi kama 23. Kwenye mita 4,000 ni nyuzi kama 5. Kileleni, mita 5,895, ni nyuzi 7 chini ya sifuri. Basi nyika ya juu yakaa kati ya mambo mawili: chini yake msitu wenye maji, juu yake jangwa la mawe na baridi.

Tukitoka msituni, jambo la kwanza tulionalo ni kichaka kirefu chenye majani madogo mno, membamba kama sindano. Wataalamu hukiita Erika. Mgeni wa Kiingereza akikiona huwa kama aliyekutana na jamaa yake ugenini, maana vilima vya kwao vimefunikwa na mimea ya ukoo huo huo. Ila ile ya kwao humfika mtu magotini tu, na ya kwetu, ikiachwa isiunguzwe, huwa mti kamili wa kumpita mtu mara tano au sita. Katika matawi yake huning'inia ndevu za kijivu, laini, zilizolowa. Tutazirudia ndevu hizo baadaye, kwa kuwa zina kazi kubwa kuliko zionekanavyo.

Tukizidi kupanda, Erika hufupika na kutawanyika. Nyasi huota kwa mafungu mafungu, na katikati yake maua makavu meupe ambayo hayanyauki hata yakikatwa. Hapo tena hutokea mimea miwili ambayo mtu akiiona mara moja haisahau. Mmoja ni senesio mkubwa, mfano wa mnara wenye kabichi juu yake. Majani yake yakifa hayaanguki. Hubaki yamelizunguka shina kama blanketi, na blanketi hilo hulihifadhi shina lisigande usiku. Kwenye ncha yake majani mabichi hufunguka mchana na kujikunja usiku, yakakilinda kichipukizi kilichomo ndani. Mwingine ni lobelia iitwayo Lobelia deckenii. Huyu hukusanya maji katikati ya majani yake kama bakuli, na usiku maji ya juu huganda yakawa kifuniko cha barafu, ya chini yasigande, na kichipukizi kikasalimika humo. Katika nyika hii mchana jua huchoma hata ngozi ya uso ikambuka, na usiku umande hugeuka barafu. Na hivyo ndivyo ilivyo karibu kila siku ya mwaka. Mmea usiojua kujifunika hauna maisha huku. Na wapagazi wetu wa Rombo na Marangu nao huvaa vivyo hivyo, nguo juu ya nguo, ijapokuwa wako karibu na mstari wa Ikweta.

Wanyama si wengi, lakini wapo. Panya wenye milia mgongoni hukimbia kambini wakitafuta makombo. Kunguru wenye shingo nyeupe hutembea kama wenye mali. Ndege aina ya chozi, wa kijani ing'aayo, hunyonya maua ya lobelia. Pofu na nyati huonekana mara chache, na hata tembo wamewahi kupanda mpaka nyikani. Mbega, wenye mikia mirefu myeupe, hawapandi. Wao hubaki msituni.

Basi tukizidi kupanda tutapita Kikelewa, mita 3,600 hivi, mpaka kiziwa kidogo kilicho chini ya kuta za Mawenzi, kwenye mita 4,300. Kutoka hapo, upande wa magharibi, pametandaza uwanda mpana kati ya Mawenzi na Kibo, mkavu, wenye mchanga na mawe. Na hapo ndipo mtu aelewapo umbo la mlima wote. Kilimanjaro si mlima mmoja. Ni volkano tatu zilizojengana: Shira upande wa magharibi, Mawenzi upande wa mashariki, na Kibo katikati, aliye mdogo kwa umri na mkubwa kwa kimo. Mawenzi, mita 5,149, imezimika zamani sana, ikabomoka upande wa mashariki, yaani upande unaoelekea Rombo, hata leo ni magenge matupu. Kibo haijafa, karibu na tundu lake ungali ukitoka moshi wenye harufu ya kiberiti.

Wazee wa Uchaga wana masimulizi yao juu ya jambo hili. Wasema kwamba Mawenzi na Kibo walikuwa jirani, na moto wa Mawenzi ulikuwa ukizimika kila mara. Akaenda kwa Kibo kuomba kaa la moto, naye Kibo akampa na ndizi pia. Mawenzi, alipoona utamu wake, akauzima moto wake kwa makusudi akarudi tena, na tena, mpaka Kibo akakasirika, akautwaa mchi akamponda kichwa. Ndiyo sababu Mawenzi ana mapengo hata leo. Nasi, tukiyasikia masimulizi haya, twakumbuka kwamba moto wa kuazima ungali ndio shauri kubwa la mlima huu.

Maana twaingia sasa katika jambo lenyewe. Mtu akiulizwa maji ya Kilimanjaro yatoka wapi, hunyosha kidole kwenye barafu. Hilo si kweli, au ni kweli kidogo sana. Kati ya mwaka 1912 na 2007 barafu ya Kibo ilipungua kwa sehemu 85 katika kila 100, na mito haikupungua kwa kiasi hicho. Sehemu kubwa ya maji ya mlima yatoka katika mvua na ukungu uliokamatwa na msitu, ukazama katika udongo wa majivu ya volkano, ukatembea chini kwa chini, ukaibuka mbali. Ziwa Chala, hapo kusini kwetu, mpakani na Kenya, halina mto uingiao. Hulishwa na maji yatembeayo chini ya ardhi kutoka mlimani. Chemchemi za Amboseli, ambako tembo hunywa katikati ya nchi kavu, nazo ni maji ya Kilimanjaro. Na watu wa Tarakea waujua udongo huo kwa taabu yake: mvua ikinyesha, maji huzama upesi, na korongo lililonguruma usiku huwa mchanga mtupu baada ya siku chache. Akina mama na watoto wa Rombo waliobeba ndoo asubuhi na mapema hawahitaji mtu wa kuwaeleza maana ya maji.

Sasa zile ndevu za kijivu. Mawingu yapandapo kutoka bondeni, huipata miti ya Erika na kupita kati ya matawi yake. Mvua hainyeshi. Lakini kila jani dogo, na kila uzi wa ndevu zile, hukamata vitone vidogo mno vya ukungu, navyo huungana, vikawa tone, na tone likaanguka. Mtu asimamaye chini ya mti hulowa, na asimamaye mahali peupe hatua kumi mbele yake huwa mkavu. Hayo ni maji ambayo kipimo cha mvua kilichowekwa uwanjani hakiyaoni kabisa. Mti ukiondoka, wingu hupita juu ya nyasi likaenda zake.

Na miti hiyo imeondoka. Wataalamu waliopima mlima kwa muda mrefu wamegundua kwamba Erika hapo kwanza iliweza kuota iwe msitu mpaka kimo cha mita 4,000 na zaidi kidogo. Leo, mahali pengi, msitu huo umerudishwa chini kwa mamia ya mita. Kwa hiyo nyika ya juu tuionayo kutoka Tarakea si yote nyika ya asili. Sehemu yake kubwa ni msitu uliogeuzwa kuwa nyika, na aliyeugeuza ni moto. Moto ukipita mara moja, Erika huchipua tena kutoka shinani. Ukipita tena kabla haijakomaa, hubaki kichaka. Ukipita mara kwa mara, hubaki nyasi; nazo nyasi kavu huuita moto mwingine. Ndivyo nyika ishukavyo, polepole, bila kelele. Wapimaji wamehesabu kwamba katika muda wa miaka sabini hivi ya karne ya ishirini Kilimanjaro ilipoteza karibu theluthi moja ya misitu yake, upande wa chini kwa shoka na jembe, upande wa juu kwa moto. Na maji ya ukungu yaliyopotea kwa sababu hiyo ni mengi kuliko yale yote yatokayo katika barafu iyeyukayo.

Ni nani awashaye? Hapa twataka kusema kwa uangalifu, kwa kuwa ni rahisi kumtwika mzigo mtu asiyekuwapo. Warina asali hutumia moshi kufukuza nyuki, na cheche huanguka. Wachungaji wengine wamewahi kuchoma nyasi kuukuu ili zichipue mpya. Wapo wapishao chakula, wapo wavutao sigara, wapo wageni. Lakini cheche ile ile iliyoanguka katika nyasi zilizolowa haifanyi neno. Na nchi imezidi kukauka tangu mwisho wa karne ya kumi na tisa. Kwa hiyo mkono wa mtu na ukavu wa hewa vyafanya kazi pamoja. Tarehe 11 Oktoba 2020 moto uliwaka mahali paitwapo Whona, mapumzikoni baina ya Mandara na Horombo, katika njia ya Marangu. Ulidumu siku nyingi. Askari wa hifadhi, wanavijiji, na wanafunzi wa Chuo cha Mweka walipanda kwa mamia kuuzima kwa matawi na majembe, katika hewa nyembamba ambayo hata kutembea tu ni kazi. Nao ulipokwisha, eneo la karibu kilomita 95 za mraba lilikuwa limeungua. Mwezi wa Oktoba 2022 ukawaka tena, safari hii upande wa Karanga.

Labda msikilizaji atauliza: je, nchi yenye nyika kama hii imepata kuona mwisho wa jambo hili? Imeona. Katika Uingereza, mkoa wa Derbyshire, kiko kilima kiitwacho Kinder Scout. Kimo chake ni mita 636 tu. Moshi mjini ni juu kuliko kilele hicho. Lakini ni kilima mashuhuri, kipana juu kama meza, chenye Erika fupi, upepo, na udongo mweusi wa mimea iliyooza, mzito kama sponji iliyolowa. Wasafiri wengi hudhani vilima hivyo viliumbwa vitupu. Kumbe vilikuwa na miti. Watu wa kale, maelfu ya miaka iliyopita, walikata na kuchoma, na mvua ikafanya mengine. Baadaye vikaja viwanda vya Manchester na Sheffield pande mbili za vilima hivyo, na moshi wake ukaua mimea laini iliyoshika maji. Vikaja kondoo wengi kupita kiasi, na mioto ya kiangazi. Udongo ule mweusi ukabaki uchi, ukachimbwa na mvua ukawa makorongo. Tangu mwaka 2003 wenyeji wamekuwa wakiutibu: huziba makorongo kwa mawe na mbao, hupanda nyasi na kuvumwani, huchukua vifaa kwa helikopta kwa kuwa hapana njia. Kazi ingali ikiendelea. Hatuwacheki, twasema tu kwamba wao walianza kuponya baada ya kubakiwa na udongo mtupu, na sisi upande wa Rombo tungali na mizizi ya Erika iliyo hai ardhini.

Mizizi hiyo ndiyo tofauti yote. Mahali ambapo moto haukupita kwa miaka mingi, hasa katika mabonde yaliyojificha, msitu wa Erika umerudi wenyewe bila mtu kupanda hata mche mmoja. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1973, na tangu mwaka 2005 msitu wa asili nao umetiwa ndani ya mipaka yake. Ukiwamo ule ukanda wa nusu maili uliotengwa mwaka 1941 kwa mahitaji ya wanavijiji. Twajua kwamba mama aliyezoea kuokota kuni huko hakuifurahia habari hiyo, na malalamiko yake si ya upuuzi. Chungu hakichemki kwa sheria. Lakini nyika ya juu haina kuni za kumgombanisha mtu na askari. Ina haja moja tu, nayo ni kuachwa bila moto kwa muda wa kutosha mtoto kuwa mtu mzima.

Wanafunzi wanaotusikiliza, ambao shule zao ziko juu karibu na msitu, waweza kulijaribu wenyewe jambo hili la ukungu. Ngojeni siku ya majira ya baridi, wingu likiwa limekaa chini na mvua hainyeshi. Chukueni sufuria mbili zilizo sawa. Moja iwekeni chini ya mti wenye majani madogo mengi, hasa ukiwa na ndevu. Ya pili iwekeni uwanjani, mbali na mti wowote. Asubuhi ya pili mimineni maji ya kila moja katika kikombe, mkayapime, mkaandike tarehe na kiasi. Fanyeni hivyo siku kumi. Sufuria ya uwanjani, kama hapakunyesha, haitakuwa na neno ila umande kidogo.